Kufuata moto mwisho wa Januari: Shetland, Kildare mpaka Tara

Jumatatu 27 Januari 2025, Aberdeen

Wenzangu kazini wakipata likizo mwezi huu wanakimbilia Tenerife kuota jua, mi nimeomba wiki moja nikafuate moto. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Aberdeen na aliyenitia hamu ni babu mmoja wa Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Scotland, kila Januari anaanza kusimulia jahazi linavyochomwa kwao, macho yanamng'aa kabisa, af anamalizia kwa kuniambia we mtoto wa joto ukienda kule utaganda. Haya, tutaona.

Mpango wenyewe ni huu. Jumanne ya mwisho ya Januari Lerwick, mji wa Shetland, wanachoma jahazi la Waviking, tarehe 1 Februari Ireland ni siku ya Mtakatifu Brigida na hapohapo ni Imbolc ya wapagani, sikukuu ya kale ya mwanzo wa majira ya kuchipua, tarehe 2 Kanisa linabariki mishumaa. Yote ndani ya wiki moja, na yote kipindi ambacho huku kaskazini watu wameshachoka na giza mpaka wanaongea peke yao.

Kwenye grupu la familia mjomba ameshatoa onyo, "Mwanangu angalia, hizo sherehe ni za miungu." Nikajibu shikamoo mjomba, nikaweka simu mfukoni. Meli ni saa moja usiku na inatembea usiku kucha, zaidi ya saa kumi na mbili, na Bahari ya Kaskazini Januari haina adabu. Nimemeza kidonge cha kichefuchefu kabla hata ya kupanda.

Jumanne 28 Januari, Lerwick

Jua limechomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni lilikuwa limeshaaga. Hapo katikati lenyewe lilikuwa chini chini tu, unatembea kivuli chako kirefu mchana kutwa. Nikaelewa kwa nini mtu anaweza kukaa kuanzia Oktoba anaunda jahazi zima la mbao, na kichwa cha joka mbele, na ngao pembeni, kwa ajili ya kulichoma usiku mmoja.

Sherehe inaitwa Up Helly Aa. Mkuu wake anaitwa Guizer Jarl, na usidhani anaokotwa tu, mtu anakaa kwenye kamati miaka 15 ndo zamu yake ifike. Kikosi chake ndo kinavaa Kiviking kamili, kofia za chuma, mashoka, manyoya mabegani, vikosi vingine vinavaa wanachotaka, nimeona wanaume wazima na ndevu zao wamevaa magauni na wengine wamevaa mavazi ya kuku. Tangu 2023 wanawake nao wanaruhusiwa kwenye vikosi vya Lerwick, kabla ya hapo kazi yao ilikuwa kupika supu kwenye kumbi na kusubiri wanaume waje wacheze. Nimemuuliza mama mmoja pembeni yangu anaonaje, akasema tulichelewa, akageuka kuangalia mbele, basi.

Saa moja na nusu usiku taa za barabarani zikazimwa mji mzima na fataki moja ikapanda juu. Af mienge ikaanza kuwaka, mmoja, kumi, mia, karibu elfu moja. Mwenge wenyewe ni mti umefungwa gunia lililoloweshwa mafuta ya taa, harufu ile ikanipeleka moja kwa moja jikoni kwa bibi kwenye jiko la mchina, nikajikuta nacheka peke yangu kwenye upepo wa Shetland. Wakatembea mitaani wakiimba, wakalizunguka jahazi kwenye uwanja, kisha wakarusha mienge ndani. Limewaka haraka kuliko nilivyotegemea. Joka likaanguka kwa mbele, watu wakashangilia, na uso wangu ulikuwa wa moto huku mgongo umekufa ganzi.

Sasa ukiangalia unaapa kabisa kwamba hii kitu wameianza Waviking wenyewe. Visiwa vilikuwa vyao kweli, mpaka 1469 mfalme wa Denmark alipoviweka rehani kwa Scotland kwa sababu ya mahari ya binti yake. Lakini sherehe? Zamani vijana walikuwa wanalewa baada ya Krismasi na kuburuza mapipa ya lami yanayowaka katikati ya mji, watu wakachoka, miaka ya 1870 ikapigwa marufuku, ndo yakaja maandamano ya mienge yenye utaratibu, ya kwanza ya siku ya Up Helly Aa yenyewe ni 1881. Jahazi likaongezwa 1889. Jarl wa kwanza ni wa 1906. Yaani huu "ukale" wote umri wake ni kama reli ya Mombasa. Sijasema ni wa uongo, maana moto niliouona haukuwa wa uongo, ila mjomba aandike kwamba hakuna mungu yeyote aliyeabudiwa pale, kulikuwa na bia na kondoo wa supu.

Jumatano 29 Januari, Lerwick

Mji umelala. Leo ni mapumziko hapa maana vikosi vilizunguka kumbi usiku kucha mpaka asubuhi. Nimekutana na Mviking mmoja saa nne asubuhi ananunua maziwa, shoka kwapani. Jioni nimepanda meli kurudi.

Alhamisi 30 Januari, njiani

Aberdeen asubuhi, treni mpaka Edinburgh, ndege ya jioni Dublin. Siku ya kukaa tu. Mwenyeji wangu Dublin ni Mkenya wa Nakuru, tulisoma kozi moja ya uangalizi wa wagonjwa Scotland kabla hajahamia huku. Cha kwanza alichoniambia uwanja wa ndege sio karibu, ni "stima yetu ilipotea siku tatu." Ile dhoruba ya Éowyn imepita Ijumaa iliyopita tarehe 24, upepo ulifika kilomita 183 kwa saa kule Galway, nyumba na mashamba na biashara 768,000 zikakosa umeme nchi nzima kwa mpigo. Na mpaka leo magharibi huko kuna watu bado wanakaa na mishumaa. Kwa hiyo nimekuja kuangalia sherehe za mwanga kwenye nchi ambayo sehemu kubwa yake imetoka gizani juzi tu.

Ijumaa 31 Januari, Kildare

Kutoka Dublin ni treni fupi, kama kilomita 50. Nimefika mchana kwenye kituo cha Solas Bhríde kinachoendeshwa na masista wa Brigida, na kwa macho ya harakaharaka hakina cha kukushangaza, jengo la kisasa la duara, lina utulivu, lina chai. Ndani kuna taa ndogo inayowaka. Ndo hiyo. Moto wa Brigida wenyewe.

Historia yake ndefu, nikae hapa kidogo. Gerald wa Wales, padri aliyezunguka Ireland mwishoni mwa karne ya 12, aliandika kwamba Kildare kuna moto usiozimika, watawa 19 wanaulinda kwa zamu, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 yule wa mwisho anaweka kuni anasema Brigida huu ni usiku wako, linda moto wako, asubuhi wanakuta bado unawaka. Majivu hayaongezeki. Kuzunguka moto kuna ua na mwanaume haruhusiwi kuvuka, akivuka yanamkuta makubwa. Inasimuliwa askofu mkuu wa Dublin aliuzima 1220, ukawashwa tena, ukaja kuzimika moja kwa moja karne ya 16 wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti nyumba za watawa zilipofungwa. Af kimya, karne nne, mpaka 1993 ambapo Sista Mary Teresa Cullen, kiongozi wa masista hawa wakati ule, akauwasha upya kwenye uwanja wa soko la Kildare. Haujazimwa tangu hapo.

Sista mmoja alituonyesha kusuka msalaba wa Brigida. Unatumia yale majani marefu ya majimaji, yanang'olewa kwa mkono, hayakatwi kwa kisu, unakunja na kuzungusha mpaka unapata mikono minne inayoonekana kama inazunguka. Wazungu waliokuwa mezani walihangaika, mi vidole vilishajua njia, bibi alinisukisha sana ukili nikiwa mdogo, nikamaliza wa kwanza nikaanza kuwasaidia wengine. Sista akaniuliza umejifunzia wapi, nikamwambia Muheza. Msalaba unawekwa juu ya mlango ili nyumba isiungue moto, na hapo ndo Brigida anaponifurahisha, mlinzi wa moto na mlinzi dhidi ya moto ni huyohuyo.

Usiku tukatoka na mishumaa kwenda kwenye kisima cha Brigida, kuna matope, kuna baridi, watoto, wazee, masista, mbwa mmoja. Pembeni yangu alikuwa mama ana nywele za zambarau, akajitambulisha kwamba yeye ni mpagani, kawaida kabisa kama mtu anavyokwambia mi Msabato. Nikamuuliza hamgombani na masista? Akasema tugombane nini, kisima kimoja. Kwake yeye Brigida ni mungu wa kike wa mashairi, tiba na uhunzi, na hilo hakulitunga, kuna kamusi ya zamani ya Kiairishi inayohesabiwa kuwa ya askofu Cormac, ya kama mwaka 900, inasema wazi kulikuwa na Brigit mungu wa kike aliyeheshimiwa na washairi, binti wa Dagda, mungu mwingine wa kale wa Waairishi, na dada zake wawili wenye jina hilohilo, mmoja wa tiba mmoja wa uhunzi. Kwa masista Brigida ni mtawa wa karne ya 5, mama yake mtumwa, baba yake chifu, alizaliwa Faughart karibu na Dundalk na akaja kuanzisha monasteri hapa. Tulikuwa tumebeba mishumaa ileile na tuliimba wimbo uleule kwa Kiairishi, ambao wala yeye wala mi hatukuujua maneno.

Kabla ya kulala nimetundika kanga yangu kwenye uzio wa nyumba niliyofikia. Ni desturi ya usiku huu, unaacha kitambaa nje, Brigida akipita anakibariki, mwaka mzima ukiumwa kichwa au koo unajifunga. Mwenye nyumba ameshaweka skafu yake pale, akanisogezea pegi.

Jumamosi 1 Februari, Kildare

Kanga imekakamaa kwa umande wa baridi. Imekunjwa hivyohivyo ikaingia kwenye begi.

Leo ndo siku yenyewe, na tangu 2023 ni sikukuu ya taifa pia, ya kwanza Ireland kupewa jina la mwanamke, ila mapumziko yenyewe kwa kawaida ni Jumatatu ya kwanza ya Februari, kwa hiyo watu watapumzika keshokutwa. Nimeanzia kwenye kanisa kuu la Brigida, la mawe, la karne ya 13, sasa ni la Waanglikana. Kwenye uwanja wake kuna mnara wa duara mrefu zaidi ya mita 30 na karibu yake kuna msingi wa mawe chini chini, mraba, wanauita hekalu la moto. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyoweza kujieleza. Kinachonisumbua ni Cogitosus, mtawa aliyeandika maisha ya Brigida karne ya 7, huyu ndo shahidi wa mapema, anaeleza kanisa la Kildare lilivyo, kaburi lake lilivyopambwa dhahabu na fedha, ukuta unaotenga wanaume na wanawake, lakini moto hautaji hata mara moja! Angekuwa anauona kila siku angeuacha? Kwa hiyo wanaosema huu moto umetoka moja kwa moja kwa makuhani wa kike wa kipagani, na wanaosema umewashwa na mtakatifu kwa mkono wake, wote wanamtegemea Gerald aliyefika miaka mia sita na zaidi baada ya Brigida. Nilimwambia hivyo mzee anayejitolea pale kutembeza wageni, akacheka akasema Gerald alipenda sana stori nzuri. Hakuonekana kuumia hata kidogo.

Kwenye kanisa la parokia la Wakatoliki kuna kipande cha mfupa wa fuvu la Brigida, kimerudi Kildare Januari 2024, mwaka wa kuadhimisha miaka 1,500 tangu afariki, baada ya kukaa mbali kama miaka elfu. Foleni ilikuwa fupi, bibi mbele yangu aligusa kioo na funguo za gari lake.

Mchana nimetembea kwenye uwanda wa Curragh. Huu ndo ule wa hadithi, mfalme wa Leinster alimnyima Brigida ardhi, akamwambia basi nipe ya kutosha joho langu, akatandika joho likaenea likaenda likaenda mpaka likafunika uwanda wote. Leo kuna njia za mbio za farasi, kambi ya jeshi, na kondoo kila mahali. Na ni kondoo hasa ninaowataka, maana kwenye maandishi ya kale ya Kiairishi Imbolc inatajwa kama wakati kondoo jike wanapokamuliwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Hamna moto hapo, hamna ngoma, ni maziwa. Mtu aliyekula nyama kavu na nafaka za akiba tangu Novemba, kumuona kondoo anatoa maziwa ni kuambiwa kwamba mtapona mwaka huu. Nimeona wana wawili wadogo kabisa wanayumba miguu. Upepo ulikuwa unakata masikio nikarudi stesheni.

Jumapili 2 Februari, Dublin

Kutolewa Bwana Hekaluni, na mwaka huu imeangukia Jumapili kwa hiyo kanisa lilijaa. Parokia ya mwenyeji wangu ni ya mchanganyiko, Wanigeria, Wahindi wa Kerala, Wakongo, Waairishi wazee kwenye mabenchi ya nyuma. Tumeanzia mlangoni kwenye baridi, padri akabariki mishumaa, ile ya mikononi na maboksi mazima ya mishumaa ya mwaka, tukaingia kwa maandamano. Mtoto mbele yangu aliunguza kidogo nywele za dada yake, ikapita.

Jamani, hii ndo ya kale kuliko zote nilizoziona wiki hii na ndo isiyopigwa picha. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu miaka ya 380, anaieleza sikukuu hii kule, inasherehekewa kwa shangwe kama Pasaka, siku ya 40 baada ya Epifania, 6 Januari, ambayo kule wakati ule ndo ilikuwa Krismasi yao. Mishumaa iliingia karne ya 5. Na tarehe haikuchukuliwa kwenye kalenda ya mpagani yeyote, ni hesabu ya uzazi tu, Mambo ya Walawi inasema mama aliyezaa mtoto wa kiume anakaa siku 40 kisha anaenda hekaluni, hesabu kutoka 25 Desemba utaangukia leo. Sisi wa pwani hili mbona tunalijua, mzazi anatoka arobaini! Mariamu alikuwa anatoka arobaini. Padri akasoma Luka, mzee Simeoni anampokea mtoto, na kichwani mwangu ikawa inasomeka kwa Kiswahili cha kwetu, *Nuru ya kuwa mwangaza wa Mataifa*.

Kuna Beda lakini, lazima nimtaje maana mjomba atafurahi na kukasirika kwa pamoja. Beda mtawa wa Uingereza aliandika mwaka 725 kwamba Warumi walikuwa na ibada za utakaso mwezi Februari na kwamba Ukristo ulifanya vizuri kuigeuza desturi hiyo, watu wakawa wanazunguka na mishumaa siku ya Mariamu. Yaani mtakatifu mwenyewe anasema wazi na haoni aibu. Nikaandika kwenye grupu habari ya Egeria na ya Beda, zote mbili. Mjomba amesoma, tiki za bluu zipo, jibu hamna. Shangazi ametuma emoji ya mshumaa.

Baada ya misa padri akabariki makoo kwa ajili ya Mtakatifu Blasi wa kesho, mishumaa miwili inapishanishwa shingoni, haijawashwa. Kwenye chai mama mmoja wa Bukavu aliyewahi kukaa Ufaransa akatuambia, "Kule leo batu banapikaka krepe, unageuza na mukono moya, mukono ingine unashika feza, ndo mwaka usikose kitu." Krepe zenyewe ni chapati za maji. Tukazipika jioni kwa mwenyeji wangu, sarafu ya yuro mbili mkononi, krepe ya tatu ikaanguka chini ya jiko na bado iko huko.

Jumatatu 3 Februari, kilima cha Tara

Sikukuu, hamna kazi, mwenyeji wangu amekubali kuamka ingawa ameninung'unikia njia nzima. Saa kumi na mbili na nusu tuko barabarani, Tara iko Meath, kama kilomita 40 kaskazini magharibi mwa Dublin. Gizani unapanda kwenye majani yaliyoloa, kondoo wanakukodolea macho.

Tulichokifuata ni kilima kidogo cha kaburi kinachoitwa Kilima cha Mateka, kimejengwa kama miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi za Giza. Ndani kuna njia fupi, mita nne tu, na mabaki ya mamia ya watu yalikutwa humo wachimbaji walipofanya kazi miaka ya 1950. Mlango umeelekezwa ili jua la asubuhi liingie mpaka ndani mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Februari, siku hizihizi. Hao waliojenga hawakumjua Brigida, awe mtakatifu awe mungu wa kike, wala hawakuwa wanaongea Kiairishi. Majina yao hayapo popote. Lakini walijua kwamba katikati ya siku fupi kuliko zote na siku ya mchana sawa na usiku kuna asubuhi ya kuhesabia.

Tulikuta watu kama ishirini, wengine na ngoma, wengine na chupa za chai, mlango una geti la chuma kwa hiyo mnachungulia kwa zamu. Saa mbili na dakika kumi jua lilitakiwa liwe limetoka, wingu limekaa palepale. Mwenyeji wangu akasema, "Wee, umeniamsha saa kumi na moja nije kuangalia mawingu." Kila mtu akabaki. Baada ya robo saa pakafunguka kidogo, mwanga wa chungwa ukapita getini, ukagusa jiwe la pembeni lenye michoro ya miduara, nilipata zamu kama sekunde kumi, af jamaa wa ngoma akaniomba nisogee.

Kwenye gari mwenyeji wangu akauliza hiyo Novemba ni jua lilelile, mlango uleule? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi tungekuja Novemba, tungelala leo. Saa tano nina ndege.